The Maltese Falcon (1941): dalili ya muuaji iko wapi?

Swali: Wakuu, filamu hii ya John Huston nimeitazama mara mbili. Mpelelezi Sam Spade anamjuaje aliyemuua Archer, mpelelezi mwenzake? Naona kama amebahatisha tu.

Jibu: Habahatishi, mkuu. Rudi pale Spade anapofika palipotokea mauaji, umsikilize polisi: bastola ya Archer bado iko kiunoni, haijafyatuliwa, na koti lake limefungwa vifungo. Mpelelezi mzoefu hamfuati mtu anayemchunguza hadi kwenye kona ya giza akiwa hivyo. Aliingia na mtu aliyemwamini. Wengi hupitwa hapo kwa sababu maneno yanatoka haraka mno, washa manukuu.

Jibu: Naongezea. Tukio hilo la Archer kupigwa risasi ndilo pekee ambalo Spade hayumo, na hata hapo sura ya muuaji imefichwa. Kwingine kote unajua anachokijua yeye, basi. Huo ndio uzuri wenyewe! Tena mwangalie Gutman, yule mhalifu mnene anayeisaka sanamu ya ndege (mwigizaji ni Sydney Greenstreet), anavyopigwa picha kutoka chini, tumbo limejaa skrini.

Swali: Ahsanteni. Koti lilinipita kabisa, narudia leo.