Kamnasua panya, kampa pole, kamfuta kwa taulo LANGU la uso

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka kwa hasira. Mkikuta herufi zimerukana mnisamehe, na msiponisamehe pia sawa tu.

Simtaji. Sina haja. Mnamjua. Kila nyumba anaye mmoja: mtoto akilia usiku haamki, mlango ukigongwa haamki, ila panya akitoa mlio mmoja tu, huyo kaketi kitandani macho kodo.

Nyumba yetu kwa sasa wenye nyumba ni panya, sisi wapangaji, tena tunaodaiwa kodi. Wamekula sabuni. Wamekata waya wa chaja. Wametafuna cheti changu cha kuzaliwa pale penye tarehe, kwa hiyo kisheria sijazaliwa bado. Usiku darini wanapokezana vijiti.

Basi nikaamua. Nikatega gundi ya panya nyuma ya kabati la vyombo, nikaisukuma mpaka ukutani, maana panya hakatizi katikati ya chumba, anatambaa na ukuta huku anaupapasa kwa masharubu. Nikalala.

Usiku wa manane nasikia jikoni mtu anabembeleza. ANABEMBELEZA. Nikajua leo nimeshika simu ya siri. Laiti ingekuwa simu! Nafika mlangoni namkuta kachuchumaa, tochi kwapani, chupa ya mafuta ya kupikia mkononi, anamdondoshea panya kwenye vidole tone kwa tone ili gundi iachie. Na inaachia kweli, shenzi kabisa. Mguu wa mbele. Mguu wa nyuma. Mkia. Kisha akanyoosha mkono bila hata kuangalia, akavuta taulo langu. La uso. Akamkausha yule panya mafuta, kichwa, mgongo, mpaka nyuma ya masikio, halafu kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia ikitumika kwangu akamwambia: "Pole mwaya."

POLE MWAYA.

Mimi nimeng'olewa gego sikupewa pole, niliulizwa chakula kimefikia wapi. Nimeteleza na ndoo mlangoni nikaambiwa "umelowesha koridoni". Panya kakanyaga gundi kapewa pole, na mwaya juu yake!

Nikauliza, unafanya nini? Anajibu bila kugeuka: "Shusha sauti, ana hofu." Akamwachia. Humo humo ndani! Hata kumtoa nje hakumtoa. Panya kapita juu ya kandambili yangu, anang'aa mafuta, kaingia chini ya kabati lile lile. Na taulo likarudishwa msumarini. Namtazama, ananitazama, anatundika.

Sina swali. Msiniulize "sasa unataka ushauri gani". Pole mwaya!

BintiShari: Hahaha "ana hofu". Nimecheka mpaka nimefukuzwa chumbani. Huyo tunamjua, kwetu yupo, sisi alituolea dada.

MzeeKifimbo: Mleta mada una roho ngumu. Mtu ana huruma na kiumbe wa Mungu, wewe unalilia taulo. Ndiyo maana wewe hupewi pole. Jitathmini.

Mleta mada: MzeeKifimbo njoo umchukue. Na panya wake. Taulo nakuongezea bure, liko tayari limepakwa mafuta.

FundiDari: Tuache utani. Ukimrudisha ndani hujarudisha panya mmoja. Hawa wadogo wa ndani mimba yao ni siku 19 mpaka 21, anashusha watano, sita, hata wanane, na majike wakifika wiki 6 hivi nao wanaanza. Kuhusu kuziba: tundu la milimita 6 linamtosha, yaani kalamu ya risasi ikipita na yeye anapita. Shindilia waya wa kusugulia masufuria, nje malizia na saruji. Usizibe kwa gazeti, hapo umemtandikia. Na hiyo gundi achana nayo, mnyama anateseka saa nyingi bure. Tumia mtego wa kufyatua, upande wa chambo uguse ukuta.

Mleta mada: Asante fundi. Ila ungemsikia alivyolivuta lile "mwaaaya".

BintiShari: Kwani panya aliitikia?

Mleta mada: Alitulia! Ndiyo kinachoniuma. Alitulia akafutwa masikio!

NesiMstaafu: Wewe dada, taulo hilo usinawie tena mpaka lichemshwe. Panya anadondosha mkojo kila anapopita, na mkojo wake unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda. Kinyesi chake usikifagie kikavu, vumbi linapanda puani. Vaa glavu, lowesha kwa maji yenye klorini, subiri dakika 5, futa kwa karatasi, tupa, nawa mikono. Nimeona watu wanapiga ufagio mkavu jikoni huku wameinamia sufuria lisilo na mfuniko, nikanyamaza tu.

Kobe_Mwendokasi: Mnahangaika. Weka sumu, kazi imeisha.

SpikaImekufa: Kobe nyamaza. Sumu nyingi za panya zinazuia damu isigande, kwa hiyo hafi leo, anakufa siku kadhaa mbele, na pa kufia anachagua mwenyewe. Wa kwetu alichagua ndani ya spika. Kila ukiwasha muziki harufu inakuja na besi. Na kama ndani kuna watoto wanaotambaa, sahau kabisa habari ya sumu.

Kobe_Mwendokasi: Si mgefuga paka basi.

MamaPacha2: Paka?? Wa kwangu panya anapita mbele yake, paka anamwangalia, kisha ananiangalia mimi, maana yake nishughulike. Wana mkataba wale. Nikanunua na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, eti kinatoa mlio wa kuwafukuza ambao binadamu hausikii. Walistuka mwanzoni, wakazoea. Siku hizi wanalala pembeni yake, kina joto zuri.

MzeeKifimbo: Paka wako umemshibisha. Paka mwenye njaa hana mkataba.

MamaPacha2: Uongo. Paka aliyeshiba anawinda vile vile, wangu ni mvivu tu wa kuzaliwa. Na wewe kila uzi lazima uwe upande wa mkosaji, hata ule wa aliyekunywa uji wa mgonjwa ulimtetea.

MzeeKifimbo: Ule uji ulikuwa unapoa.

UsingiziKwaheri: Nawasoma hapa nasema watu wana raha. Panya unamsikia, unamwona, unagombana naye. Mimi nina KUNGUNI. Kunguni haonekani, halii, hapigi mbio darini. Unaamka tu umechorwa mistari mgongoni. Nimehama chumba wamenifuata. Nimelala sebuleni, wakaja na huko.

Kobe_Mwendokasi: Hama nyumba, wafe njaa.

UsingiziKwaheri: Kunguni anakaa miezi bila kula, Kobe. MIEZI. Nitakaa wapi mimi miezi hiyo, kwako?

NesiMstaafu: Usihamehame vyumba, unawasambaza. Kaa chumba kile kile, fua mashuka kwa maji ya moto kabisa, fungua kitanda chote, kagua mishono ya godoro.

Mleta mada: Jamani naomba turudi kwenye taulo. Hivi mnajua leo kaamka ananiuliza mafuta ya kupikia mbona yamepungua?

Kobe_Mwendokasi: Taulo lipi?

BintiShari: Mimi afadhali kunguni kuliko mende wanaoruka. Mende wa kutambaa tunaheshimiana. Akifungua mbawa tu, nyumba nimemwachia na funguo.

SpikaImekufa: Mende anakulenga usoni, sijui nani alimwambia.

UsingiziKwaheri: Anzisheni uzi wenu wa mende, hapa tunazungumzia kunguni.

Mleta mada: HAPA TUNAZUNGUMZIA PANYA.

FundiDari: Usingizi, kitanda chako ni cha mbao au chuma? Kama ni mbao, kunguni wako kwenye maungio ya chaga. Toa chaga zote nje, mimina maji yanayochemka kwenye kila ufa.

UsingiziKwaheri: Za mbao. Nilimtuma mtu akamwage, naona alimwaga uvunguni akaondoka. Maji ya birika moja yanatosha?

FundiDari: Hayatoshi. Chemsha sufuria kubwa, na safari hii mimina mwenyewe.