Mabawa na pembe vinaonekana vimebandikwa, na wino unachuja. Naombeni ushauri

Mpenda Majoka:
Habari zenu wakuu. Nachora wanyama wa vichekesho na viumbe wa kubuni: sungura mwenye pembe, chura mwenye mabawa, joka aliyevaa miwani. Napiga mistari kwa wino, halafu natia rangi ya maji. Yananisumbua mawili. Brashi yenye maji ikipita juu ya mstari, wino unachuja na njano yangu inageuka kijivu. La pili ndilo linaloniuma zaidi: chura peke yake anatoka safi, nikimtia mabawa anaonekana kabandikwa kwa gundi. Halafu, kipi kitangulie, wino au rangi?

Wino Mzito:
La wino ni jepesi. Tafuta wino wa chembe (rangi yake ni chembe ndogo zisizoyeyuka) unaostahimili maji. Ule wa rangi iliyoyeyushwa, maji yakirudi nao unaamka. Penye mistari minene subiri zaidi, maana juu hutangulia kukauka. Ila wino wenye shelaki (aina ya vanishi) uishie kwenye kalamu ya kuchovya tu. Ukiutia kwenye kalamu yenye tangi utagandia ndani na kuiziba. Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba inatosha, nyepesi hujikunja.

Mifupa Kwanza:
Mkuu, tatizo la mabawa halianzii kwenye bawa, linaanzia begani. Bawa la popo ni mkono: lina bega, kiwiko, kifundo, kisha vidole virefu vinavyotandaza ngozi, na kidole gumba kimebaki nje na ukucha wake. Kwa hiyo joka mwenye miguu minne na mabawa ana viungo sita, na kiwiliwili chake kinahitaji mabega ya ziada. Chora mabega hayo kwa penseli kabla ya kugusa wino. Kisha panua kifua, kwa sababu misuli ya kurukia inakaa hapo. Chura mwenye kifua chembamba na mabawa mapana hamdanganyi mtu.

Pembe nazo zina asili. Ya swala ina kiini cha mfupa kinachotoka kwenye fuvu, ya kifaru haina mfupa ndani kabisa. Sungura wako mpe ya swala, umnenepeshe fuvu kidogo pale inapoota, na manyoya yaizunguke.

Leonardo da Vinci aliandika kwamba ukitaka mnyama wa kubuni aonekane wa kweli, kila kiungo chake kifanane na cha mnyama aliyepo. Na mchoraji Mjerumani Dürer mwaka 1515 alichora kifaru bila kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvika magamba miguuni na kumwotesha kapembe mgongoni, na bado watu waliamini ndivyo kifaru alivyo.

Kalamu Mbovu:
Nakubali nusu. Mkimjaza misuli atakuwa somo la baiolojia, kicheko kitakimbia. Mimi naangalia uzito. Pembe kubwa? Basi shingo ipinde, sikio moja lilale, macho yatazame juu kwa wasiwasi. Mtazamaji akiusikia uzito wa pembe, hatauliza imeotaje.

Mifupa Kwanza:
Hiyo shingo inayopinda ni mifupa pia, ndugu yangu 😄

Tone la Maji:
Kuhusu kipi kitangulie: mimi natanguliza rangi. Penseli hafifu, rangi nyepesi, ikauke kabisa, ndipo wino. Hapo hata wino unaochuja haukusumbui, na unajikuta unapiga mistari michache kwa sababu rangi imeshafanya kazi nusu. Joka usimpake kijani kimoja mwili mzima. Lowesha karatasi, dondosha bluu na njano, ziache zikutane zenyewe. Tumboni acha weupe wa karatasi.

Mpenda Majoka:
Shukrani wakuu. Swali la nyongeza: chura nikimpa mabawa ya kereng'ende, bado nichore kiwiko?

Mifupa Kwanza:
Hapana, bawa la mdudu si mkono. Halina mfupa wala kiwiko, linaota moja kwa moja kwenye kifua. Weka jozi mbili karibu karibu juu ya mgongo, na uyaache yametanuka hata akiwa ameketi, kereng'ende hayakunji. Mishipa yake ipige kwa wino uliozimuliwa kwa maji. Mweusi mtupu utayafanya mazito kuliko chura mwenyewe.