Tupeane uzoefu: gari dogo la zamani limekugharimu nini, na ni tatizo gani lililokutesa zaidi?

Mkaazi wa Umoja: Habari zenu nyote. Jirani yangu ananiuzia Toyota Corolla ya mwaka 2004, ile tunayoiita NZE, na bei yake ninaimudu. Nimeona alama za maji yaliyokaukia chini ya rejeta, lakini fundi aliyelikagua amesema ni jambo dogo. Kabla sijatoa pesa, naomba wenye magari ya umri huo waeleze matatizo waliyokutana nayo na gharama walizolipa.

Dereva wa Kawangware: Kwa barabara zetu za mitaani, kinachoanza kulia ni viungo vya chini ya gari: bushi za mikono ya mbele, boli jointi na linki za stebilaiza. Shoki mbili mpya za mbele zilinigharimu shilingi 15,000, bushi 3,600, ufundi 3,000, kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, 2,000. Usikubali kubadilishiwa shoki peke yake huku bushi zimekwisha, kwa sababu mtikisiko utabaki pale pale na utadhani umeuziwa shoki bandia.

Mama Wawili, Kahawa: Ndugu wa Umoja, hayo maji chini ya rejeta ndiyo yaliyonifanya niandike. Tulikuwa tukitoka Naivasha na wazazi wangu katika Premio ya mwaka 2003, tukipanda ule mlima wa Mai Mahiu jioni, malori yamefuatana mbele yetu kwa mwendo wa kutambaa. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa chini kidogo ya nusu, ulipanda hadi mwisho kabla sijapata mahali pa kuegesha, na mvuke ukaanza kutoka pande zote za boneti. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu alishuka akaweka mawe kwenye magurudumu. Kijana mmoja alikuja mbio na chupa ya maji ili afungue mfuniko wa rejeta, na dereva wa lori akamshika mkono kwa nguvu, akamwambia kwamba maji yale yangemrukia usoni yakiwa yanachemka. Baba yangu, ambaye ana maradhi ya presha, alikaa juu ya jiwe kando ya barabara mpaka giza likaingia, na nikikumbuka jinsi malori yalivyokuwa yakimpita kwa karibu, moyo hunienda mbio hata leo.

Brekidauni, lile gari la kuvuta, ilinitoza 9,000. Injini ilipofunguliwa, ndani ya kifuniko cha oili mlikuwa na uji wa rangi ya chai ya maziwa, maana gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya sehemu ya juu ya injini na bloku, ilikuwa imeungua na maji yamechanganyika na oili. Karakana iliyolihudumia gari miezi ya nyuma ilikuwa imeondoa themostati, ile valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini, bila kuniambia na kujaza maji ya bomba, ingawa nililipia kulanti, yaani dawa ya kupozea inayozuia kutu, na kutu ikaziba rejeta. Kusawazisha hedi kwa mashine kulikuwa 3,500, seti ya gasketi 8,500, pampu ya maji 4,500, rejeta 11,000, themostati 2,000, kulanti na oili 6,500, ufundi 15,000. Jumla ni 51,000, mbali na ile brekidauni.

Abiria wa Zamani: Pole sana, dada. Mimi yalinikuta hayo hayo Kangemi, katika foleni ya asubuhi.

Fundi Mtaa: Pole, mama, lakini tusilaumu kuondolewa kwa themostati. Nchi hii haina baridi ya kuihitaji, na mimi nimeyaondolea magari mengi ambayo bado yanatembea.

Mhandisi wa South B: Fundi, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Bila themostati, injini hukawia kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumimina petroli nyingi, na oili haifiki hali inayoilinda injini vizuri. Tukumbuke pia kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayangoji 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko wa rejeta, pamoja na kulanti. Mfuniko mpya haufiki shilingi 1,000, na ukilegea unaweza kuunguza hedi ya alumini.

Fundi Mtaa: Kuhusu mfuniko nakubali. Kuhusu themostati, tatizo letu ni zile bandia zinazokwama zikiwa zimefunga. Ukiniletea halisi, nitaifunga.

Mama Wawili, Kahawa: Basi mteja aambiwe kabla haijaondolewa. Hilo ndilo linaloniuma.

Kijana wa Kirinyaga Road: Muulize jirani gari lina injini gani. 1NZ ni imara, lakini 1ZZ za miaka ile zinajulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba na ringi zikakwama. Ikifikia hapo, usihangaike kuifungua. Nunua injini iliyotumika Japani, ufunge na usahau.

Dereva wa Kawangware: Asahau vipi, ndugu? Nambari ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa hiyo lazima mabadiliko yapitie NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima nayo ijulishwe. Zaidi ya hayo, injini ya Japani nayo hujui ilitunzwaje. Mimi nilibadilisha ringi, na sijajuta.

Mkaazi wa Umoja: Nawashukuru nyote. Jumamosi nitakwenda na fundi mwingine, mwenye kifaa cha kupima shinikizo la rejeta, na nitamwomba jirani aliwashe gari mapema ili tuliendeshe hadi Kangundo Road na kurudi.

Mhandisi wa South B: Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Mfungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, mtazame kama maji yana kutu au mafuta, mpime shinikizo, kisha uliwashe wewe mwenyewe na fundi asimame nyuma aangalie moshi wa kwanza. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata joto, huku maji yakipungua, ni dalili ya gasketi iliyoungua, na moshi wa buluu ni oili inayoungua.