Naombeni ushauri: nitajuaje namba ni tasa bila kubahatisha?

MamaPacha: Habari zenu wakuu. Mwanangu yuko darasa la tano. Juzi kaja na zoezi la kuzungushia namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe, kati ya 80 na 100. Kazungushia 83, 89, 91 na 97, kaniuliza, "Mama, niko sawa?" Nikaitazama 91, si shufwa, haiishii na 5, nikamwambia uko sawa kabisa. Leo karudi na mkwaju wa kalamu nyekundu juu ya 91. Baba yake anacheka tu. Kuna njia ya kujua bila kukariri?

Kobe Mpole: Pole dada, 91 imeshaliza wengi. Toa 70, inabaki 21. Zote mbili 7 inaingia, kwa hiyo 91 ni 7 × 13. Wanafiki wenzake ni 51 (3 × 17), 57 (3 × 19) na 119 (7 × 17).

DogoFizikia: Mbona rahisi. Gawa kwa 6. Ikibaki 1 au 5, hiyo ni tasa. Imeisha hiyo.

Mzee wa Chaki: Dogo, hebu gawa 91 kwa 6. Inaingia mara 15, inabaki 1. Umemrudisha mama wa watu kwenye kosa lilelile! Ni kweli kwamba kila namba tasa kuanzia 5 hubakiza 1 au 5, ila si kila inayobakiza hivyo ni tasa. 25 na 35 nazo zimo.

Mama Pacha, fanya hivi. Chukua 97. 10 × 10 ni 100, tayari imepita 97. Basi jaribu namba tasa zilizo chini ya 10 tu: 2, 3, 5 na 7. Zote zikigoma, umemaliza, 97 ni tasa. Vigawo hutembea wawiliwawili: mmoja akizidi 10, mwenzake lazima awe chini ya 10, na huyo ungeshamkuta. 4 na 6 usihangaike nazo, 2 imeshazijibia. Kwa 3 jumlisha tarakimu: 87 inatoa 8 + 7 = 15, na 15 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo 87 si tasa. Kwa 7 gawa tu kwa mkono, ndiyo haraka zaidi.

Binti Visoda: Kwa mtoto, anzia sakafuni. Mpe visoda 12 apange mistari iliyo sawa, atapata 3 kwa 4 au 2 kwa 6. Ongeza kimoja viwe 13, atahangaika mpaka abaki na mstari mmoja mrefu. Mimi nilitumia mahindi, kuku wakaja kula mifano.

Kobe Mpole: Au aandike 1 hadi 100, aikate 1, kisha akate vigawe vya 2, 3, 5 na 7, ila hizo nne zenyewe aziache. Zitabaki 25, zote tasa. Ni chekecheke la Eratosthenes, Mgiriki aliyesimamia maktaba ya Alexandria kule Misri.

MamaPacha: Visoda vimemkolea! Ila kauliza, mbona 1 inakatwa wakati nayo hupangi zaidi ya mstari mmoja?

Mzee wa Chaki: Swali zuri, mpe soda. Namba tasa ina vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe. 1 inacho kimoja tu, haiko huku wala kule. Na mkumbushe 2: ni shufwa na ni tasa, mitihani hupenda kutegea hapo.

MamaPacha: Asanteni. Sasa yeye ndiye ananipa mimi mtihani: 323. Nimejaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote zimegoma. Nimwambie ni tasa nikalale?

Mzee wa Chaki: 18 × 18 ni 324. Usilale, umebakiza 17.

MamaPacha: 17 × 19. Jamani huyu mtoto!