Alcaraz kukataa pointi: ustaarabu wa kweli au anawachezea kamera?

Mpenzi wa Raketi:
Wakuu, hii inanikaa moyoni mpaka leo. Tenisi, mashindano ya Roland Garros kule Paris 2025, raundi ya nne, Carlos Alcaraz na Ben Shelton. Mpira unampita, jamaa anajirusha, raketi inamchomoka mkononi, ikiwa hewani inaugusa mpira na mpira unarudi upande wa pili. Refa anampa pointi. Yeye mwenyewe anamwambia refa hapana, raketi nilishaiachia, pointi si yangu. Akapewa Shelton. Kwenye mpira wa miguu mtu anaguswa bega anajishika uso, huku mtu anakataa pointi aliyopewa! Huo ndo uungwana, sio zile kelele za Serena Williams kwa refa 2018.

Binti wa Upanga:
Ulianza vizuri ukaharibu mwisho. Serena kaingiaje hapa?

Kipanga:
Kaingia kwa sababu kweli alimuita refa mwizi, fainali ya US Open, dunia nzima inaangalia. Akapigwa faini dola elfu kumi.

Binti wa Upanga:
Hiyo 10,000 ni ya maneno tu, jumla ni 17,000. Na kosa la kwanza lilikuwa kocha kumpa ishara toka jukwaani, kitu ambacho siku hizi kinaruhusiwa kabisa! Halafu akavunja raketi, halafu hilo neno, akanyang'anywa gemu zima, mpinzani wake Naomi Osaka alikuwa anaongoza 4-3 ikawa 5-3. Roger Federer fainali ya US Open 2009 na del Potro alimtolea refa matusi, faini dola 1,500, na nyie nyie mnamuita bwana mstaarabu. Mwanaume akifoka ana uchungu wa ushindi, mwanamke mweusi akifoka hana adabu. Nimechoka na huo mzani.

Mkuu wa Nyali:
Dada hapo kwa Roger umenigusa pabaya. Mtu amepewa tuzo ya uungwana ya Edberg mara 13, na wanaopiga kura ni wachezaji wenzake, wanaomjua huko vyumbani. Siku moja ya hasira haifuti miaka ishirini. Siku anaaga London 2022 Nadal alikaa pembeni yake analia kama kafiwa. Ukiona mpinzani wako anakulilia, jua uliishi naye vizuri.

Binti wa Upanga:
Basi siku moja ya Serena nayo isimfute, ndo ninachosema.

Kipanga:
Alimharibia Osaka siku yake. Mtoto wa miaka 20, taji lake la kwanza la Grand Slam, yale mashindano makubwa manne ya tenisi, anazomewa jukwaani kavuta kofia machoni ili watu wasione machozi.

Mama Zawadi:
Kipanga ungeendelea kuangalia. Serena ndiye aliyemkumbatia bega, akashika maiki akawaambia watu basi, acheni kuzomea, mtoto kacheza vizuri. Kashindwa 6-2, 6-4, anawaka moto ndani, na bado aliliona hilo. Mimi nililia pale. Na mwaka uliofuata Osaka kamfunga Coco Gauff wa miaka 15, badala ya kumwacha akalie chumbani akamwita waongee wote mbele ya watu. Hayo alijifunza wapi?

Mpenzi wa Raketi:
Mama hapo nimekuelewa, yale maneno ya Serena nayafuta. Ila mada ilikuwa Alcaraz jamani.

Kipanga:
Alcaraz ana kamera ishirini zinamrudia, angekubali ile pointi angeumbuka. Mimi nampa heshima Roddick, Roma 2005. Ana mechi pointi tatu, yaani akipata moja tu kashinda, sevu ya pili ya Verdasco inaitwa nje, mechi imeisha, anaonyesha alama kwenye udongo anasema ilikuwa ndani. Akaja kushindwa mechi nzima. Huyo alilipa.

Mkuu wa Nyali:
Kwa hiyo asiyelipa sio muungwana? Hapana kaka, hapo sikubali.

Mama Zawadi:
Binti yangu anacheza mashindano ya watoto, hakuna refa, kila mmoja anaita mipira ya upande wake mwenyewe. Juzi mpira ukagusa mstari kwa unyoya, yaani ulikuwa ndani, mwenzake wala hakuuona vizuri, mimi nimeuona. Binti akanyamaza kidogo, akainua kidole, nje. Tumerudi nyumbani kwenye daladala hatuongei. Nyie mngemwambia nini?

Binti wa Upanga:
Ana miaka mingapi?