Makumbusho yamekarabatiwa, mzinga wa nyuki umeandikwa "ngoma ya asili"!

Mwangaluka wakuu.

Nimekaa siku mbili nikisubiri hasira zipoe. Hazijapoa, kwa hiyo naandika. Jina la jumba naliacha, sitaki uzi ufutwe.

Jumamosi mama alikuwa hapa Tabora mjini, alitoka Sikonge kuja kliniki. Nikamwambia kabla hujarudi twende ukaone makumbusho ya sanaa na utamaduni, yamekarabatiwa. Mpwa wangu wa kidato cha pili akadandia, tukapanda bajaji. Getini pesa mkononi hawapokei, ni control namba tu, na mtandao hakuna. Dakika arobaini juani! Mama kakaa kwenye ukingo wa bustani, mlinzi anamwambia hapo hapakaliwi.

Ndani pamependeza, nisiwe mnafiki. Marumaru unajiona uso, taa kila kona, kiyoyozi mpaka mama akajifunika khanga.

Sasa njooni ukumbi wa pili. Kuna mzinga wa gome la mti, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umefungwa kwa kamba za magome, mfuniko wa upande mmoja una tundu la nyuki kupitia. Nta kavu bado imeganda pembeni ya tundu, unaiona kwa macho. Kibao kimeandikwa: "NGOMA YA ASILI. Ilitumika katika sherehe."

Tabora hii! Tabora ya asali!

Mama ni binti wa mrina asali. Akasogea, akanyoosha kidole. Binti anayetembeza wageni akadaka: "Bibi, usiguse."

"Sigusi mwanangu. Huu ni mzinga. Baba alikuwa nayo mingi porini."

"Bibi, mimi naeleza kilichoandikwa."

Simlaumu sana yule binti, kapewa karatasi akariri. Kilichoniuma ni wanafunzi wa msingi waliokuwa nyuma yetu, wamepiga foleni na madaftari, wananakili. Ngoma ya asili. Ilitumika katika sherehe. Mwalimu wao anawahimiza waandike haraka.

Ukumbi wa Livingstone ndio mkubwa kuliko wote. Sawa, alikaa Kwihara hapa Tabora, Stanley alitoka naye Ujiji baada ya kumpata 1871, ni historia yetu pia. Lakini Chuma na Susi, waliokuwa kwenye msafara uliobeba maiti yake mpaka pwani, wamepata mstari mmoja. Na Mtemi Isike wa Unyanyembe? Picha ya kuchora na maneno "alifariki 1893". Alifariki! Kama vile aliugua homa. Mtu alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipokuwa wanaingia, wasimkamate akiwa hai, halafu nyie mnaandika alifariki. Mtemi Mirambo sikumuona kabisa, labda yuko stoo.

Kwenye kiti cha enzi ndiyo usiseme. "Kiti, mti, Afrika Mashariki." Chini yake alama ya kuskani upate maelezo zaidi. Mpwa kaskani, ukurasa haufunguki. Akaingia intaneti mwenyewe, akatuonyesha kiti cha Kinyamwezi cha karne ya 19 kilichoko makumbusho ya Metropolitan, New York, kile chenye umbo la mtu limechongwa kwenye egemeo. Wale nao walifunga ukumbi wao wa Afrika kwa ukarabati 2021, wakaufungua Mei 2025. Kiti kina maelezo, kabila limetajwa, picha unaikuza mpaka uone nyufa za mti. Yaani mtoto wa Tabora, akiwa Tabora, anasoma habari za kiti cha babu zake kutoka Marekani kwa bando lake!

Vyoo vipya vimefungwa kwa kufuli, "vya wageni rasmi". Sisi sijui ni wageni wa aina gani. Hilo nalipita.

Mapokezi kuna kitabu cha maoni. Nikataka kuandika habari ya mzinga, nikafunua kurasa za nyuma kidogo. Wiki tatu kabla yetu kuna mtu kaandika kwa herufi kubwa: ILE SI NGOMA, NI MZINGA. Chini yake mwingine kaandika "kweli kabisa".

Mama njia nzima kimya. Tulipofika stendi ndio akauliza: "Sasa ile ngoma wanaipigia wapi?"

Kama kuna mwanajukwaa anayefahamiana na wahusika, awaambie steshenari yoyote pale mjini wanachapa karatasi kwa shilingi mia tano. Nitalipa mimi.