MREJESHO: Ile safari ya meli na mama

Wapendwa, niliwauliza kama inafaa kumpeleka mama safari ya meli ya kitalii siku 7 kutoka Barcelona, tumesharudi. Mama kafurahi jamani, jioni tunatoka Naples kakaa juu dekini anautazama mlima Vesuvius jua linaupiga, machozi yakamtoka, kwa hilo tu sijutii hela yangu. Ila Roma imeniuma, meli inafunga gati bandari ya Civitavecchia, kutoka hapo hadi mjini ni kama kilomita 80, treni karibu saa nzima kwenda na nyingine kurudi, Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, tukaishia kuiona kwa nje maana meli haimsubiri mtu. Na chumba chukueni chenye dirisha, chetu hakikuwa nalo, mama akiamka hajui kama kumekucha.